Jina la Zuhura Limetoka

Jumatatu. Mawingu yameifunika milima tangu asubuhi, na hapa Bigwa manyunyu hayakatiki.

Nina jambo la kukiri. Orodha ya vijana wa kidato cha sita wanaotakiwa jeshini kwa mujibu wa sheria ilitoka Ijumaa. Simu ya binti yangu Zuhura iko kwa fundi, kwa hiyo jina lake nililiona mimi kwanza, chini ya jina la shule yao. Kambi yake iko Kigoma.

Aliponiuliza, nikamwambia mtandao unasumbua.

Mume wangu alifariki miezi miwili iliyopita. Niko eda, sitoki, na nyumbani tumebaki wawili. Kwenye orodha jina la baba yake limefuata la Zuhura, kwa herufi kubwa, kama mtu ambaye bado yupo. Alikuwa akimwita binti yake "afande" kila Zuhura alipochelewa kuosha vyombo.

Siku tatu nimenyamaza.

Leo kaka yangu amekuja na bukta ya bluu ndani ya mfuko. Zuhura akaikunjua, akacheka.

"Mjomba, hii ina zipu! Jeshini wanataka ya mpira kiunoni." Kisha kicheko kikakatika. "Kwani jina langu limetoka?"

"He! Mama yako hajakwambia?"

Sikuwa na pa kuuficha uso.

Kaka akasema tunaweza kuandika barua: mtoto amefiwa na baba, mama yuko eda, huenda wakamruhusu aende mwakani. Zuhura akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mama, tuandike?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nenda na wenzako, mwanangu. Mimi nina watu."

Watu gani? Tangu arobaini ipite, hodi nazisikia kwa nadra.

Aliivuta ile zipu juu na chini.

"Siku unayotoka eda nitakuwa nimesharudi? Nataka nikupake hina mimi mwenyewe."

"Utakuwa umerudi."

Hakuhesabu. Mimi nilishahesabu tangu Ijumaa. Mafunzo ni miezi mitatu, na eda yangu imebaki miezi miwili na siku chache. Siku hiyo atakuwa bado Kigoma.

Ule uongo wa mtandao nimemwomba radhi. Huu nitaubeba mpaka apande basi.