Gundi, Golikipa Aliyesema Anaumwa

Mwaka mzima umepita, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile mkeo alipokuita, chai ikapoa, na wewe hukuitika. Tunakuandikia leo kama familia, kwa mapenzi, na pia kwa sababu kuna neno moja tulilisema juu ya kifo chako ambalo si kweli. Binti yako mkubwa neno hilo limemfunga hadi wiki hii. Tunataka kulifungua mbele ya watu, kama wewe ulivyopenda mambo yasemwe.

Uwanjani walikuita Gundi, kwa sababu mpira ukishatua mikononi mwako ulikuwa wako. Nyumbani ulikuwa baba wa mabinti. Kwa mama yako ulibaki kitindamimba hata ulipokuwa unainama kupita mlangoni.

Tunakukumbuka na glavu zako. Hukuruhusu mtu azifue. Ulizilowesha mwenyewe kwenye beseni, ukazikamua taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, ukazianika kivulini vidole vikitazama chini. Mkeo alikutania, "Na mashuka je, hayastahili heshima hiyo?" Ukamjibu, "Mashuka hayajawahi kuniokoa na penalti, mama."

Tunakumbuka sauti yako. Golikipa hupanga mabeki wake kwa kelele, na wewe kelele hizo ulikuja nazo mpaka sebuleni. Mkeo akitoka jikoni na sufuria ya moto, wewe ulikuwa umejilaza kwenye kochi: "Kulia kwako! Kulia kuna mtu!" Kweli, binti mdogo alikuwa anatambaa hapo hapo. Majirani walisema nyumba hii haina haja ya kununua redio.

Ndiyo maana mkeo alikuwa wa kwanza kujua. Ulinyamaza. Kwanza siku za mechi tu, kisha wiki nzima. Aliweza kupita na chochote mkononi, wewe macho kwenye ukuta. Bega lilikuwa limekuuma, ukapewa vidonge vya maumivu ili ucheze. Bega likapona, vidonge vikabaki. Ulivimeza ili ulale, ukavimeza ili uamke, ukavimeza ili uweze kutoka chumba cha kubadilishia nguo na kuingia uwanjani. Ulimwambia mkeo baadaye: "Watu wanaona goli ni pana. Mimi nikisimama pale naona nimewekwa kabatini, na mtu ameondoka na ufunguo."

Mkeo aliomba. Alifunga, akaomba tena. Siku moja akainuka kwenye mkeka akakwambia, "Mungu nimeshamwambia. Sasa wewe nenda ukamwambie daktari."

Ukaenda. Hospitali ile ina korido moja yenye mabenchi mawili: hili la wagonjwa wa meno, lile la wagonjwa wa akili. Washabiki walikutambua kabla hujakaa. "Gundi! Jumamosi unadaka?" "Kaka, ni jino? Pole sana, sukutua maji ya chumvi." Wewe ulikuwa umejibanza benchi la meno, ukisubiri watu wapungue ndipo uhamie lile lingine. Hawakupungua, waliitana. Nesi wa meno naye alikuwa mshabiki wako, akakupitisha mbele ya foleni, na foleni nzima ikashangilia. Ungesema nini? Uliingia. Daktari alikuchungulia akasema haoni tatizo. Wewe ukamwonyesha jino, ukashikilia kwamba hilo ndilo linalokunyima usingizi. Likang'olewa.

Ulirudi nyumbani na pamba shavuni na jino kwenye kipande cha karatasi. Mkeo alilipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Hili lina kosa gani?"

"Halina."

"Sasa?"

"Daktari niliyemfuata yuko mlango wa pili. Sikufika."

Mlicheka, jamani. Mlicheka mpaka ukalishika shavu kwa maumivu. Kisha mkeo akasikia kicheko chako kimegeuka, akaacha kucheka, akakukumbatia pale pale dirishani.

Safari ya pili mlikwenda pamoja. Mlikaa benchi lenyewe, mchana kweupe. Mzee mmoja akanyoosha shingo: "Wewe Gundi, si umekosea benchi?" Mkeo alikuwa tayari na jibu, lakini ulimwahi. "Hapana, mzee wangu. Juzi ndiyo nilikosea."

Halafu ikaja ile mechi mliyofungwa, na waandishi wa habari wakataka kujua lile goli la mwisho lilipitaje. Meneja alikuwa amekuelekeza useme bega. Ukavuta kipaza sauti karibu. "Bega langu zima," ulisema. "Naumwa akili, na vidonge vya maumivu vimenishika kama pombe inavyomshika mlevi. Natibiwa. Sina zaidi." Meneja alikohoa kwa nguvu hata vipaza sauti vyote vikachukua kikohozi chake. Mkeo alikuwa anakutazama kwenye televisheni ya jirani, na jirani akapunguza sauti kwa heshima, kama kumeingia msiba.

Tulidhani ukishasema utakuwa umetoka. Haikuwa hivyo. Washabiki wa timu pinzani walijipanga nyuma ya goli lako wakaimba, "Gundi, meza! Gundi, meza!" Ukifungwa, walisema ni ule ugonjwa. Ukidaka, walisema ni zile dawa. Klabu ikakuweka akiba, kwa faida yako, walisema. Ulimwambia mkeo, "Kabati ni lile lile, ila sasa wameliwekea kioo."

Lakini watu wakaanza kubisha hodi, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Winga. Bondia. Mwanariadha mmoja wa kike, aliyekaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kukimbia. Akaja hata beki wa timu ile iliyokuimba. Waliomba maji kwanza, wakasifia watoto, wakasifia mapazia. Wewe ukawasimulia habari ya jino. Wakacheka, na walipomaliza kucheka wakasema kilichowaleta. Mkeo aliweka chai mezani, akarudi jikoni kuwaombea bila kujua majina yao. Katika siku hizo kelele zako zilirudi: "Nyuma yako, mama! Beseni!" Hakuna wimbo aliowahi kuupenda zaidi.

Kisha bega lilichanika kweli, ukapasuliwa, na maumivu ya kidonda yakavirudisha vile vidonge ndani ya nyumba. Hukumficha mkeo. Ulimwambia wewe mwenyewe, mkikunja nguo: "Nimeanza tena." Mkakubaliana kwenda kwa daktari Jumatatu. Jumatatu hukuifikia. Daktari alitueleza kwamba ulimeza kiasi ulichokizoea zamani, na mwili wako ulikuwa umeshakisahau. Hukutaka kutuacha. Hilo tunalijua, na anayesema vingine hakukuona ukikunja zile nguo.

Kaka yako ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu. Wakamuuliza umekufa na nini. Akasema, "Moyo." Alitaka kukusitiri, maskini. Neno likaingia kwenye tangazo, likaingia kwenye ibada, likawatangulia watu kila tulikokwenda. "Moyo hauna taarifa, dada yangu," wanamwambia mkeo sokoni, naye huitikia, maana ataanzia wapi kati ya nyanya na vitunguu? Binti yako mkubwa naye alilisikia. Akaacha kukimbia. Shuleni wenzake wakicheza, yeye hukaa na kushika kifua, anasikiliza. Mkeo alipombana, mtoto alisema, "Mama, na mimi ninao kama wa baba?"

Hapo mkeo akaitisha kikao. Kaka yako alikuwa na maneno ya kumbukumbu hii tayari kichwani: "Aliaga dunia baada ya kuugua ghafla."

"Shemeji, watu watasema," alimwambia mkeo.

"Walisema akiwa hai, akawaacha waseme."

"Marehemu anafichiwa aibu."

"Aibu gani, shemeji? Alilisema mwenyewe, vipaza sauti vimepangwa mbele yake kama maua. Tuliomnyamazisha ni sisi."

Mama yako tulidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho, "Mwanangu moyo wake ulikuwa mzima. Niliusikia mimi kabla yenu wote. Andikeni alichougua."

Kaka yako aliinama, akakuna magoti yake muda mrefu. "Haya, andikeni," alisema. "Ila msiseme lile neno la moyo lilianzia kwangu."

Utusamehe, tumelisema. Naye kaka yako ameshatusamehe.

Jumapili, baada ya ibada, mkeo alimketisha binti yako kitandani akamweleza yote: vidonge, benchi, watu waliokuja na kofia, kiasi ambacho mwili ulikisahau. Hakumpunguzia. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, mkono upo kifuani.

"Kwa hiyo naruhusiwa kukimbia?"

"Kimbia."

Alitoka hivyo hivyo na nguo za ibada, akafika kwenye geti, akarudi, akaenda tena. Mkeo alisimama kizingitini akijizuia kumwita. Aliporudi alikuwa anahema, jasho limemtoka puani, akamshika mama yake mkono akauweka kwenye ubavu wake.

"Sikia," alisema. "Unakwenda tu."

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti zako wawili, mama yako mzazi, kaka yako, shangazi zako wanaokuombea kila asubuhi, na wenzako wa uwanjani, waliokaa kwenye kochi letu na ambao bado tunawawekea chai.

Mwenyezi Mungu akupe usingizi mwema. Maadamu tunapumua, utatajwa katika nyumba hii, kwa jina lako na kwa ugonjwa wako.