Koki ya Beseni

Jumatatu, 4 Machi

Nimegombana na msimamizi kabla hata sijanywa chai. Sisi tunamwita Chapchap. Kila kitu kwake chapchap, hata mazishi yake mwenyewe atataka yaishe kabla ya saa nne. Kisa ni mpishi wa kambi yetu ya ujenzi wa barabara. Na mpishi ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo hata sijui kama huu ni ugomvi wa kazi au wa ukoo.

Iko hivi. Tangi la dizeli ninalolitunza limezungushiwa ukuta mfupi wa zege. Sisi tunauita beseni. Tangi likivuja au mpira ukichomoka, mafuta yanabaki humo, hayaendi kutembea. Chini ya ukuta kuna bomba lenye koki, na koki ina kufuli. Mvua ikinyesha naangalia kwanza kama maji hayana utando wa mafuta, nafungua, nasimama pale pale mpaka yaishe, nafunga, napiga kufuli. Kusimama ndiyo kazi yenyewe. Kufungua hata mbuzi anaweza.

Sasa mvua imenyesha, beseni limejaa, na lori la maji limeharibika huko njiani. Asubuhi naingia kwenye uzio wangu namkuta nani? Wifi, kapandisha gauni magotini, anachota na ndoo! Bango la USIINGIE liko usoni kwake, na kusoma anajua. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kumwita Chapchap. Kasema maji ya kuoshea sufuria si ya kunywa, kuna ubaya gani, watu wanataka kula.

Kuna ubaya gani. Siku wali utakapokuja na ladha ya dizeli ndipo atajua.

Jumatano, 6 Machi

Mimi na wifi hatusemeshani. Kambi nzima inajua. Baba watoto, ambaye anaendesha greda kutwa nzima kwenye vumbi, akirudi jioni anageuka kuwa tarishi. Dada anasema umemnyima maji. Mwambie dada yako mto uko kule bondeni. Dada anasema mto una matope. Mwambie dada yako matope hayalipuki. Maskini akachoka, akalala na viatu.

Watu wanadhani ni wivu wa wanawake. Waache wadhani. Mama mkwe alipokuwa mgonjwa nilisafiri usiku kucha kwenda kumwona. Nilifika na nguo nilizotoka nazo kazini, maana nguo za kubadilisha nilizisahau kwa haraka. Wifi akanizuia mlangoni kwa mama. Mbele ya majirani. Akasema toka, unanuka mafuta, utamtapisha mgonjwa. Nikakaa uani. Mama akafa nikiwa uani. Alikuwa akiniita binti yangu, yule mama, na sikumshika hata mkono.

Tangu siku hiyo sijamwambia wifi neno. Hata hodi sijampigia.

Halafu leo kampelekea Chapchap maandazi ofisini. Yakiwa ya moto. Namjua, ana shida yake.

Jumamosi, 9 Machi

Shida yenyewe hii hapa. Chapchap kampa wifi ufunguo wa akiba wa koki!

Eti kuruka ukuta na ndoo ni hatari, anaweza kuteleza. Bora awe anafungua koki chini pale, anakinga ndoo, anafunga. Nikamwambia bosi, funguo za tangi haziwi mbili kwa watu wawili, mkiwa wawili kila mmoja atadhani mwenzake kafunga. Akaniambia Mama Mafuta, wewe unapenda sana mamlaka.

Mamlaka. Mimi ambaye nikikosea hapa kambi nzima inaondoka na nyusi zake.

Na jiko lenyewe Chapchap kaliweka wapi? Chini ya mteremko, hatua chache tu kutoka kwangu, mfereji wa beseni unapita nyuma yake. Nilisema tangu siku ya kwanza, jiko la kuni halikai chini ya tangi. Akasema pale kuna kivuli.

Wifi kaufunga ufunguo kwenye kamba ya aproni. Anapita mbele ya kibanda changu akitembea taratibu ili niusikie unavyolia.

Jumapili, 10 Machi

Kachota tena. Huku anaimba kwaya. Sauti yenyewe ya kukwaruza.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimekorofishana na kila mtu, na nimefurahi.

Fundi wa pampu kaja kuchukua petroli kwa chupa ya soda. Nikamuuliza mwenzako akisikia kiu akainywa? Kacheka. Nikamrudisha na chupa yake, akaenda akinitukana kimoyomoyo. Kamtafute aliyekupa chupa, mimi nina madebe mekundu ya petroli yenye vifuniko.

Kisha Chapchap kaja kujaza pikapu, mvua inamwagika. Kakaa ndani, kioo kimefungwa, ananionyesha kwa kidole nijaze. Mimi nikabana waya wa kwenda ardhini kwenye chuma cha gari, kama kawaida, ili umeme wa kujificha usiruke cheche. Halafu nikasimama na mpira mkononi. Nikamngoja. Kafungua kioo kidogo, vipi? Nikamwambia gari likijazwa hakai mtu ndani. Sheria iko ukutani na sahihi yako iko chini yake. Kasema mvua. Nikasema naiona.

Kashuka. Kalowa mpaka soksi. Madereva waliokuwa kwenye foleni walijitia kuangalia pembeni. Hapo kibandani nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini najua ataniwekea hiyo moyoni. Anangoja kosa langu tu, nimwage unga.

Alhamisi, 14 Machi, asubuhi

Mvua imenyesha usiku, beseni limejaa pomoni. Lori la mafuta linakuja mchana. Kabla lori halijaja beseni linatakiwa liwe kavu, hiyo ni taratibu, imeandikwa. Kwa hiyo hakuna wa kunigusa. Nimefungua koki mapema, kabla bibie hajaamka vizuri. Maji yote mferejini. Kwaheri maji ya sufuria.

Niko kibandani na chai yangu nawazia uso wake utakavyokuwa, hata chai haipiti kwa kicheko.

Huyo anakuja. Ndoo mbili leo, kajipanga. Kafika kwenye bomba. Anaangalia maji yanavyoyoyoma kwenye matope. Kageuka, kaangalia kibanda. Nimemwinulia kikombe. Katema mate pembeni, karudi jikoni na ndoo zake tupu zinagongana.

Miezi yote hii sijawahi kunywa chai tamu hivi.

Alhamisi, jioni

Hata buti sijavua. Ngoja niandike hivyo hivyo.

Lori halikuja mchana. Lilikuja mapema, chai bado imo kikombeni. Dereva ana haraka, Chapchap yuko nyuma yake anapiga makofi, haya haya, chapchap, magreda yanangoja. Nikatoka. Nikabana waya, nikaunga mpira, nikachungulia beseni. Kavu. Nikajisifu moyoni, beseni kavu safi. Nikaamuru pampu iwashwe.

Kiungo cha mpira kilikuwa kimelika meno. Kikachomoka. Dizeli ikaanza kumwagika ndani ya beseni kwa fujo, nami nikapiga kelele zima, zima pampu, dereva yuko upande wa pili na simu sikioni. Hata hapo sikuogopa. Nilijiambia na imwagike, beseni ni la kazi hiyo. Nikaingia kuangalia imefika wapi.

Haikuwa inapanda.

Koki. Koki yangu, niliyoifungua kwa mkono wangu na kuiacha ili nikanywe chai na kumcheka mtu. Nikairukia nikaifunga, nimelowa dizeli mpaka viwiko, lakini nyingi ilishatoka. Ilishaingia mferejini, inashuka taratibu, inang'aa, inaelekea jikoni. Na jikoni kuna mafiga matatu na kuni zinawaka.

Nilikimbia. Nilitaka kumwita na nikashindwa nimwite nani. Wifi halikutoka. Jina lake halikutoka. Nikapiga kelele tu, moto, zimeni moto, kama nawaambia watu wote duniani isipokuwa yeye.

Alishaisikia harufu. Ile pua yake. Nafika namkuta kaibeba sufuria kubwa ya maharage, ile inayobebwa na wanaume wawili, kaibeba peke yake, anaimwaga yote juu ya kuni. Mvuke ukajaa, sikumwona. Figa la pili kalizima kwa maji ya kupikia wali. La tatu kalifukia kwa mchanga na majivu kwa mikono. Mguu mmoja umeungua na maharage. Dizeli ikapita nyuma ya jiko, kimya, ikaenda kunywewa na udongo. Haikushika kitu.

Angechelewa kidogo tu ningekuwa siandiki hapa.

Pua ile ile iliyonifukuza mlangoni kwa mama.

Watu wakajaa. Chapchap kaja anahema, kaangalia maharage chini, kaangalia mfereji, uso umemwiva. Nani kafungua koki? Nani kafungua koki, nauliza. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nanuka dizeli, najua jibu. Mdomo ninao. Wifi aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, hilo ndilo linalonichoma, aliniangalia kama mtu anayengoja basi. Akangoja. Halafu akasema, ufunguo mwingine ninao mimi.

Basi. Hayo tu. Hakusema kafungua, hakusema hakufungua.

Chapchap hakutaka zaidi. Alimpa ufunguo yeye mwenyewe, na sasa anatafuta wa kumbebesha kabla ya wakubwa kuuliza. Akamwambia fungasha, kesho pikapu inakushusha mjini. Kazi huna. Akanyofoa ufunguo kwenye aproni yake, akaniwekea kiganjani mbele ya watu. Akasema ulikuwa na haki, Mama Mafuta, funguo zisiwe mbili. Watu wakanitikisia vichwa kwa heshima. Nikaupokea.

Alhamisi, baada ya chakula ambacho hakikuwepo

Baba watoto karudi. Hakusalimia. Kakaa kitandani anaangalia buti zangu, zimelowa. Nikamwuliza dada yako anasemaje, kama kawaida yetu. Kasema leo dada hajatuma neno. Nikamwuliza hata kidogo? Kasema alimuuliza kwa nini amefungua koki, wakati anajua hatari yake. Yeye kamjibu, wanangu mimi wameshakua, wa kwako bado wadogo.

Kisha baba watoto akaniuliza, wewe asubuhi ulikuwa wapi? Nikasema kibandani. Kasema ahaa. Kachukua mto wake, kaenda kulala kwa madereva.

Namchukia. Niandike, maana hapa hakuna wa kunisikia. Namchukia wifi yangu leo kuliko siku ile ya mlangoni. Nani kamwomba? Nani kamtuma anibebee? Alinifukuza nisimuage mama, leo kajitia mtakatifu ili nimlambe miguu mpaka nife. Angesema tu. Angenionyesha kidole mbele ya watu, ni huyu, nimemwona kwa macho yangu akininyanyulia kikombe. Ningemwambia muongo, tungevutana nywele, Chapchap angetufukuza wote wawili na ningeondoka hapa nikiwa na chuki yangu nzima. Sasa kaninyang'anya hata hiyo.

Hana mume. Hana shamba. Hilo jiko ndilo alilokuwa nalo. Najua. Sikuomba kujua.

Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Ijumaa, 15 Machi

Pikapu iko kwenye pampu. Niko kibandani, nimewaambia nafuata glavu. Glavu nimevaa.

Haiwezi kufika mjini bila mafuta, na mafuta nayatoa mimi. Waya nimeshabana. Mpira uko tayari. Dereva kashuka mwenyewe, wote wanaijua sheria yangu tangu siku ya mvua. Wifi hajashuka. Kakaa mbele, begi mapajani, mguu umefungwa kitambaa. Labda hakumbuki. Labda anakumbuka vizuri sana.

Nilimwambia dereva kwa ishara amwambie ashuke. Kajifanya hanielewi. Kasema Mama Mafuta, sheria ni yako, mwambie mwenyewe. Chapchap kasimama mlangoni kwa ofisi na kikombe chake, anasikia kila kitu, hatua chache tu. Watu wa zamu ya asubuhi nao wako kwenye foleni.

Nikijaza akiwa ndani, basi sheria zote nilizowatukania watu hapa ni uongo. Nikimwambia shuka, hilo ndilo neno la kwanza tangu msiba. Wifi, shuka. Atashuka, atachechemea na mguu ule, atasimama mbele yangu tukingoja tangi lijae. Tutakuwa tumesimama pamoja, mimi na yeye, na Chapchap pale. Nikishafungua mdomo sijui kama utakubali kuishia hapo kwenye shuka.

Dereva ananiita, vipi, umelala huko?

Wifi kashusha kioo. Anaangalia huku kibandani, anangoja, kama jana. Funguo zote mbili ziko mfukoni mwangu.