Mikono Mapajani

Msambweni, Ijumaa, Novemba 1956

Nimjibu nini Mzee Bakari nikikutana naye kesho?

Vita vya Misri vimekigawa chama chetu cha wafanyabiashara. Leo mkutanoni Mzee Bakari, aliyenifundisha kukausha nazi ziwe mbata, alitaka tuwaombee dua waliouawa na mabomu ya Mwingereza. Katibu, kwa hofu ya mkuu wa wilaya, akamkatiza: "Bwana Shauri akisikia, leseni zetu zimekwenda!"

Mzee akainua mikono. Katika watu ishirini, kumi na mmoja wakamfuata. Yangu ilibaki mapajani. Duka nimelijenga mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, na leseni inaisha mwezi ujao.

Mlangoni akaniuliza, "Hata amin, mwanangu, siku hizi yatakiwa leseni?"

Nimesali Isha. Nilipoinua mikono niiombee leseni yangu, nikaona haya, nikaishusha.