Leo Mama Hapiki

Koku mwanangu,

Ndizi za katogo sijazimenya, na si uvivu. Asubuhi shangazi yako Prudensia alipiga simu kusema wanakuja wote saa saba, kisha akauliza, "Anapika nani?" Tangu baba yako mdogo augue baada ya kula kwetu Pasaka, wanaogopa mkono wangu, ila hakuna anayethubutu kunitamkia.

Basi pika wewe. Acha mlango wa jiko wazi wakuone. Maharage yatangulie, ndizi zifuate, karanga za kusaga mwishoni. Onja mbele yao kabla hujapakua.

Niko Bugene kwa mama yako mkubwa. ~~Nitarudi saa tisa.~~ Nitarudi wakishaondoka.

Wakikusifu kwa mapishi, usiwaambie nani alikufundisha.

Mama