Manowari Tuliyoifanya Bati

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum huko ulikolala. Shaabani imeingia, watu hapa Kiongoroni wanafyeka makaburi ya wazee wao, na mimi naona haya hata kutoka nje.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipakia mtumbwini mwezi kama huu, na chetezo cha ubani, mpaka kwenye manowari ya Mjerumani? Maji yakipwa, chuma kilijitokeza matopeni katikati ya mikoko. Ulisoma Yasini huku machozi yanakutoka. "Babu yako walimfunga kamba akokote mizinga ya meli hii mpaka vitani. Hatukumwona tena. Kaburi lake ndilo hili, mwanangu." Nami nasinzia, nawaza ubwabwa wa nyumbani.

Siku hizi kila kitu ruksa, Baba. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja na malori mpaka Kibiti, na vijana wetu wakaingia mtoni na misumeno, kumbe mjukuu wako Hamisi naye yumo. Arobaini yako ilipofika, Hamisi alishaiezeka nyumba yako kwa bati. Watu wakala pilau, wakanisifu, "Mama Hamisi, umezaa!" Nikavimba kichwa, nikidhani ni fedha za samaki.

Juzi wakaja watu wa serikali kutangaza: mabaki ya ile meli sasa yanahifadhiwa, asiguse mtu. Mabaki gani? Nilipokwenda na ubani wangu nilikuta matope na visiki vya chuma vilivyokatwa. Masikini mimi! Nikarudi nikamjia juu Hamisi: umeuza kaburi la babu yangu!

Akaduwaa. "Kaburi? Kaburi la nani, mama?"

Sikuwahi kumwambia. Shuleni walinicheka kwamba babu yangu alikokota mizinga kama punda, nikaapa mtoto wangu hatalisikia hilo. Haya yenyewe nilikuwa namwonea nani, jamani? Mzee wa watu hakukosa lolote.

Nilipomsimulia, Hamisi alikaa kizingitini, akainua macho kwenye bati. Mvua ilikuwa inamwagika, na sote tulikuwa wakavu. "Mbona hukuniambia?" akasema.

Mola akulaze pema, Baba. Siku nitakayokufuata, na wewe ukiniuliza mbona sikumwambia, sijui nitauficha wapi uso.

Ni mimi bintiyo,
Mama Hamisi