Nishani za Vizibo vya Soda

Tororo,
Jumamosi, 9 Agosti 1975

Kwa dada yangu Naila,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba barua hii ikukute u mzima na mguu umepungua kuvimba. Sisi wa Nateete tunapumua, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, dada, uchovu usioisha hata nikilala.

Nadhani Tajudin alikuandikia kuhusu kichekesho alichotunga cha televisheni. Kocha mzee anataka timu yake icheze pekupeku na inywe uji wa chumvi. Vijana wanataka njumu, redio na nywele za kichaka. Kocha akiinua bakora, mchezaji hutimua mbio. Ukocha alinipa mimi, mchezaji akawa yeye. Nilikasirika, maana kila neno la kocha yule, mwanao alilichota kinywani mwangu, dukani kwangu. Lakini na wazee hupenda sifa, nikakubali.

Wiki tatu zilizopita, mchezo ukirushwa moja kwa moja, kocha alitokea na kifua kizima cha nishani za vizibo vya soda. Watu walicheka sana. Kesho yake mabwana wawili wenye miwani myeusi walikuja dukani, wakauliza kwa upole nishani zile ni wazo la nani, na anayechekwa ni nani. Tangu siku ile nikamficha Tajudin kwa Amito, muuguzi wa hospitali ya Mulago.

Jana Augustin, Mkongo muuza vitenge, alitupakia kwenye gari lake tuje mpakani. Kwenye kizuizi cha Jinja askari mmoja alinitambua. Akasema, "Mzee, si wewe ni ule kochi ya televisheni?" Akatutaka tucheze kidogo. Niliinua bakora. Tajudin hakukimbia, angekimbia wangempiga risasi. Ikabidi nimchape kweli, mara tatu, mgongoni, na askari wakacheka hadi wakatufungulia njia. Baadaye aliniambia tu kwamba mkono wa mjomba bado una nguvu.

Dada, vizibo vile nilivishona mwenyewe kwenye kanzu bila kumwambia Tajudin. Nilitaka ajue na sisi wazee tunaweza kuchekesha. Na mabwana wale waliponiuliza, niliogopa, nikawajibu kwamba vijana wa leo hawana adabu. La vizibo analijua. La jibu langu halijui, na tangu Jinja nimejaribu kumwambia nikashindwa.

Akivuka salama hadi kwako, barua hii ataitoa chini ya soli ya njumu zake, zile zile nilizomkataza. Mkande mgongo kwa maji ya moto, kisha umsomee.

Mimi sivuki. Mabwana wale wamesema watapita tena keshokutwa, Jumatatu, na wakikuta duka limefungwa watamsumbua mke wangu. Nitakuwepo. Safari hii nitawajibu ukweli.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaonikumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Nasser