Vanishi Mara Sita

Jumamosi, Ciku amelala

Gita ya kanisa inapakwa vanishi mara sita ya nini? Hilo ndilo nimebaki nalo tangu mchana.

Nilimpelekea Baba Ciku chai pale Gatongora, kwa fundi wa kupulizia magari rangi. Gita ya umeme aliyochonga mwenyewe ilikuwa mezani, nyeupe kama nilivyochagua, inang'aa mpaka nikaona uso wangu. Nilifurahi, sitadanganya.

Halafu fundi akajisifu. "Mama Ciku, nimeipaka vanishi mara sita. Hii hata mlevi akiimwagia bia, unapanguza tu."

Nikamwangalia Baba Ciku. Ciku alipozaliwa aliniahidi hatapiga gita kwa baa tena.

"Kanisani kwetu nani humwaga bia?" nikamuuliza.

"Si hata harusini soda humwagika?" Akacheka, akaendelea kuing'arisha na kitambaa.

Inaweza kuwa kweli. Nataka iwe kweli, kwa sababu zile siku za kumngojea mpaka asubuhi na tumbo kubwa... sitaki kurudi huko.

Tulipofika nyumbani nikamwambia waya ya kuunganisha gita na spika nitaiweka mimi, awe akiichukua Jumapili tu. Bila hiyo waya, gita yake haisikiki hata chumba cha pili. Nilijua atakasirika.

Akanipa papo hapo. "Weka tu, Mama Ciku."

Sasa iko chini ya nepi za mtoto, na mimi nimekaa hapa najiuliza mbona hakubisha, ama ana waya nyingine.